Kisiwa Alichokisifia Bi Mwahija

Mkono ulioinua turubai la lori haukuwa wa mwizi, msomaji wangu, wala wa yule askari uliyemwogopa wiki nzima tangu toleo lililopita. Ulikuwa mkono wa Maduhu, mlinzi wa kibanda cha kukagulia mbung'o katika njia ya Geita, na mkono wake wa pili ulishika wavu mdogo wa kunasia inzi.

"Mayu!" Maduhu akaruka nyuma. "Kumbe humu mna mtu! Mimi nilijua ni samaki tu."

Bi Mwahija akaketi katikati ya magunia ya samaki wakavu. Mtandio ulikuwa umemvuka, na jicho moja limevimba hata halifunguki. Huyu ndiye Bi Mwahija yule yule aliyeondoka Shinyanga siku sita nyuma, kiti cha mbele, viatu vyeupe miguuni, akiwapungia mkono wanawake wa chama chake cha lelemama. Aliwaambia wamtarajie baada ya wiki mbili. Anakwenda kupumzika kisiwani, alisema, kama wapumzikavyo wake wa Wazungu.

"Nifunike," alinong'ona. "Nifunike upesi, baba. Sitaki kuonekana."

"Siwezi, mayu, mama yangu. Kila gari litokalo huko lazima nilifungie humu nilikague. Wewe mwenyewe una mbung'o wawili mgongoni." Akamnasa mmoja, akamsaga kwa kidole gumba. "Umetoka wapi?"

"Kisiwani Nyabusenge."

Wavu ukamwanguka Maduhu.

"Nani kakupeleka huko? Watu wa kisiwa kile walihamishwa wote! Malale yaliwamaliza. Mtu analala mchana, analala tonge mkononi, analala mpaka anazikwa. Hata kukata kuni kule ni marufuku."

"Nimekaa siku mbili tu."

"Hao inzi hawana habari na siku zako. Ukifika mjini nenda hospitali wakutazame damu. Usingoje homa. Na mtu yeyote akikwambia anakwenda huko, mshike miguu."

Bi Mwahija akajikung'uta mgongo kwa mikono miwili. Maduhu alikwisha kufungua mlango wa kibanda ili lori litoke, na jua likamwagika ndani. Mlangoni pale, mwavuli begani, alisimama mwanamke mnene aliyejaa dhahabu masikioni, akingoja gari lake nalo likaguliwe.

Hofu ya malale ikamtoka Bi Mwahija mara moja. Ikamwingia kubwa zaidi.

Alikuwa Bi Chausiku!

Kwa yule aliyechelewa kuanza kusoma nasi, na ajue hivi. Bi Chausiku ndiye mkuu wa chama cha Zumaridi, na Bi Mwahija ndiye mkuu wa chama cha Waridi. Mwaka wa tisa huu wanawake hawa wawili wanachapana kwa nyimbo mbele ya mji mzima wa Shinyanga. Sheria ya ngoma ni moja tu: mkuu akiumbuka hadharani, chama chake kinavua sare, na hakichezi mwaka mzima. Juu ya uadui huo Mungu akaleta mzaha wake. Abdu, mtoto wa pekee wa Bi Chausiku, alimpenda Zamoyoni, mtoto wa pekee wa Bi Mwahija. Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ijayo.

"Mama Zamoyoni! Ni wewe?" Bi Chausiku alisogea. Alikuwa ametoka Masumbwe kununua asali na samli ya harusi. "Si ulisema wiki mbili?"

"Nimewahi kurudi, Mama Abdu. Harusi ina kazi."

"Chini ya turubai?"

"Jua kali. Nimezoea kivuli cha minazi sasa."

"Na uso?"

"Mafuta ya kule. Yanavuta ngozi. Siku tatu unavimba, siku ya saba unarudi usichana. Wazungu wote wanayapaka."

Maduhu akafungua mdomo. Bi Mwahija akamkazia lile jicho moja lililobaki, na Maduhu akaufunga. Alikuwa mtu wa mbung'o, ya wanawake hakuyaweza.

"Ala," alisema Bi Chausiku taratibu. "Basi kuzuri."

"Mno!"

Na hapo, msomaji, ndipo kilipozaliwa kisiwa cha pili cha Nyabusenge, kile ambacho hakipo.

Bi Mwahija akahamia kiti cha mbele, shingo wima, mpaka gari lilipopinda kona. Halafu akainamisha kichwa akalia.

Hakulilia uso. Alilia kwa sababu alikuwa amekitamani kisiwa kile kwa moyo wake wote. Bibi yake mzaa baba alitoka Bagamoyo akafuata mume mpaka Shinyanga, akafa akiikumbuka pwani. Mjukuu alikuwa hajaona maji mapana maishani mwake. Mumewe, Bwana Hemedi, karani wa stoo kwenye mgodi wa dhahabu, alimsimulia Nyabusenge miaka miwili. Hemedi alisimuliwa na mpishi wa Mzungu, mpishi alisimuliwa na Mzungu, na Mzungu mwenyewe alifika huko kabla ya vita. Minazi. Mchanga mweupe. Nyumba ya mawe yenye baraza pande zote nne, na mtumishi wa kukuletea chai ufukweni.

"Minazi iko wapi?" alimwuliza mumewe waliposhuka mtumbwini, maji magotini, viatu vyeupe mkononi.

"Ile pale."

Ilikuwa michikichi miwili, na mmoja umekufa.

"Na mchanga mweupe?"

"Umo. Chini ya matete."

Nyumba ilikuwapo, isipokuwa paa na milango. Kitanda cha chuma kilikuwapo, mti umeota katikati yake, popo wananing'inia matawini. Mtumishi hakuwapo, wala mtu mwingine yeyote, wala kuku. Wadudu wa ziwani walitoka majini kama moshi wakamwingia puani na kwenye ugali. Barazani kiboko alikuwa amejisaidia, na kwa jinsi alivyojisaidia ilionekana ni mahali pake pa siku zote. Na mbung'o! Bi Mwahija alikuwa amevaa gauni la buluu, jipya, alilolishona kwa ajili ya picha, naye Hemedi hakujua kwamba buluu ndiyo rangi wanayoipenda hao.

"Hemedi, wewe si ulisema napumzika?"

"Pumzika basi," alijibu Hemedi, akijipiga kofi shingoni.

Siku ya pili waligombana mpaka sauti zikawakauka. Hemedi akarudi mgodini kwake, na mkewe akadandia lori la samaki.

Angeweza kusema ukweli, msomaji. Jumapili ile wanawake walipojaa uani kwake, sare za Waridi upande huu, na wageni wawili watatu wa Zumaridi waliokuja kuchunguza upande ule, angesema, "Jamani, nimetapeliwa." Wangecheka wiki mbili wakachoka. Lakini katikati ya wageni alikaa Bi Chausiku mwenyewe, kikombe cha chai mkononi, anamtazama.

"Tuhadithie," alisema Bi Chausiku. "Nyumba ikoje?"

"Iko wazi, dada. Upepo unaingia kila upande. Ukilala unaona mbingu."

"Na kitandani?"

"Kitanda kina mti."

"Mti!"

"Kivuli humo humo chumbani. Wazungu wana akili."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mwahija akanogewa. Wale popo akawafanya ndege wa mapambo. Yule kiboko akamfanya mlinzi, anayekuja barazani kila alfajiri kuwaamkia wageni. Wadudu hakuwataja, ila alisema kule mtu hapungukiwi na kitoweo, chakula kinakufuata chenyewe mpaka mdomoni.

"Na watu wengi?" aliuliza Bi Chausiku.

"Hakuna hata mmoja. Unakuwa peke yako na mumeo. Kila mke wa maana angepaswa kufika. Wewe, Mama Abdu, kwa hali uliyo nayo, sijui unangoja nini."

Nisikufiche kitu. Alitaka aende. Aliyakumbuka maneno ya Maduhu, yote, mpaka tonge mkononi, na bado alitaka mwanamke yule apande mtumbwi na gauni lake bora akaliwe na mbung'o kuanzia kisigino mpaka utosini. Jambo hilo lilimpa raha aliyoikosa kisiwani. Hospitali alikwenda kwa siri asubuhi ya pili, wakamtazama damu wakakuta ni safi. Akarudi nyumbani akiimba, na hakumwambia mtu alikotoka.

Bi Chausiku alimaliza chai yake, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Bi Mwahija alilala usingizi mtamu.

Ijumaa ikafika.

Ndoa ilifungwa baada ya sala, Bwana Hemedi, aliyenuna mpaka leo, akaozesha akarudi mgodini, na mpaka saa tisa mtaa mzima ulikuwa umejaa. Bi Mwahija alikuwa tayari kwa siku yake kubwa. Unajua desturi ya watu hawa: fungate hukaa kwa mama wa bibi harusi. Siku saba bwana harusi hufungiwa ndani na mkewe, na siku saba mama mkwe hupika, masinia yakapita mlangoni watu wakihesabu. Chumba kilikwisha kupakwa chokaa. Mbuzi watatu walifungwa uani. Kwa siku saba Shinyanga ingetazama mlango wa Bi Mwahija peke yake.

Mara honi ikalia.

Lori likaingia mtaani, limefungwa matawi ya miembe na vitambaa vya kijani vya Zumaridi. Dereva alikuwa Donatus, kijana mcheshi anayeendesha magari njia ya Geita. Nyuma ya lori walikuwa wanawake wa Zumaridi, wanapiga matari. Bi Chausiku akashuka kiti cha mbele, akainua mkono, matari yakanyamaza.

"Wenzangu! Mama Zamoyoni ametufumbua macho. Ametueleza kisiwa ambacho watoto wa wafalme hawajakiona. Sasa kwa nini watoto wetu wafungiwe chumba kimoja, wanuse moshi wa kinu cha pamba? Fungate inakwenda Nyabusenge! Mtumbwi unangoja ziwani. Siku saba, gharama juu yangu!"

Mtaa ukalipuka vigelegele. Hata Waridi walipiga vigelegele, maskini, wakidhani mkuu wao anasifiwa.

Bi Mwahija alisimama mlangoni kwake, upawa mkononi.

Bi Chausiku akamfuata akamkumbatia mbele ya watu wote, akampeleka mdomo sikioni.

"Nilikuwa mlangoni pale kibandani," alinong'ona. "Nilimsikia Maduhu neno kwa neno. Kisiwa cha malale. Ukataka nikafe mimi, siyo?"

"Na sasa unampeleka mwanao?"

"Sipeleki mtu. Geuka tu uwaambie watu ulidanganya. Neno moja. Lori linazimwa, watoto wanaingia chumbani kwako, na Waridi wanavua sare."

"Huthubutu. Abdu ni wako mmoja."

"Na Zamoyoni ni wako mmoja. Sema."

Wakaachana, wote wawili wanatabasamu, na watu wakaona ni wakwe waliopatana.

Abdu, kanzu inameremeta, alimwinua mkewe akamkalisha mbele. Hakuwa na neno. Kijana huyu anafanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, anashinda kwenye vumbi la mashine siku sita kati ya saba, na habari ya maji na upepo ilimfurahisha kama mtoto. Wanawake wa Zumaridi wakashuka mmoja mmoja na matari yao, nyuma yakabaki masanduku na godoro. Donatus akazungusha chuma cha kuwashia cha mbele, injini ikakohoa ikashika.

Bi Mwahija alipiga hesabu haraka. Mwanamke huyu hawezi. Anampenda Abdu mpaka kumkatia kucha. Huyu amekwisha kupanga na Donatus, lori litakwenda mpaka kinu cha pamba, litazunguka, litarudi. Anataka tu mimi nitokwe na maneno kabla halijazunguka. Akamtazama Donatus. Donatus akamwonyesha meno yote. Naam! Ndivyo ilivyo.

Nikinyamaza, alijiambia, lori likirudi atakayeumbuka ni yeye. Watu watauliza, mbona umewarudisha? Atajibu nini?

"Mama."

Zamoyoni alikuwa ameinama dirishani, mkono wenye hina umeshika mlango wa lori. Umri wake miaka kumi na minane. Alikuwa na hofu kidogo ya safari, na hofu nyingine za bibi harusi, na katika watu wote wale waliokuwa wakipiga kelele alimtafuta mtu mmoja.

"Mama, watu wanasema sana. Lakini wewe niambie. Kweli kuzuri?"

Mtaa ulitega masikio. Bi Chausiku alisogea hatua moja. Alikuwa ameacha kutabasamu, na midomo yake ilikuwa inamwambia bila sauti, sema, sema.

Bi Mwahija akauona ule mdomo. Akaona mwenzake anaogopa, na akaona yeye ameshinda.

"Kuzuri, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. "Hutataka kurudi."

Zamoyoni akacheka. Hofu ilimtoka usoni yote, kwa maana mama yake hakuwahi kumdanganya. Akaubusu mkono wa mama yake, akakaa sawa, na lori likaondoka.

Waridi na Zumaridi waliimba pamoja kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Wimbo ulitungwa pale pale:

"Tumewapa ziwa, tumewapa na upepo,
Nyumba yao haina mlango, wageni wao hawapo."

Bi Mwahija alipiga makofi akitazama barabara ya kinu cha pamba. Lori lilifika kinuni. Likapita. Vema, alisema moyoni, atakwenda mpaka darajani, asionekane amegeuza upesi.

Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Pilau ikapakuliwa. Watu walikula, wakamsifu mpishi, wakaomba nyongeza. Barabara ilikuwa tupu.

Bi Chausiku alikuja akasimama karibu naye. Sinia lake lilikuwa halijaguswa.

"Mama Zamoyoni," alisema chini chini. "Mbona anachelewa?"

"Nani?"

"Donatus. Ulimwambia ageuzie wapi?"

Bi Mwahija akageuka polepole. "Mimi? Nimwambie mimi?"

"Usinitanie. Niliona mkitazamana. Nikaona ameshakuonyesha meno, nikajua umeshamwambia arudi. La sivyo nisingeliacha lori liondoke!"

"Mama Abdu, Donatus anamwonyesha meno kila mtu."

Upande wa pili wa ua mwanamke mmoja alianza kupiga tari tena, na watu wakamfuata.

"Nimemlipa mpaka ziwani," alisema Bi Chausiku, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Nimemwambia asisimame njiani popote, kwa lolote. Mtumbwi nimeuagiza kweli. Nilijua utasema. Mama gani asiyesema?"

"Piga kelele basi! Waambie watu wachukue gari, wawafuate."

"Piga wewe. Uongo ni wako."

"Lori ni lako!"

Bi Chausiku akaliweka sinia chini. Mbele yao wanawake sitini, kijani na pinki, walikuwa wamejipanga mstari mmoja wakicheza, na sasa walianza kuwaita wakuu wao wawili waje katikati wacheze pamoja, mkono kwa mkono, kwa heshima ya watoto. Waliwaita kwa majina ya watoto hao. Mama Zamoyoni! Mama Abdu!

Ngoma ilipamba moto. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme kwanza.

Wakashikana mikono, wakaingia katikati, wakacheza.